Kambi ya trela jangwani: Majitaka huamua siku za kukaa

Wanaopiga kambi kwa matrela nje ya mji wa Quartzsite, katika jangwa la Arizona nchini Marekani, hawana bomba wala mfereji wa majitaka. Maji safi huweza kuongezwa kwa madumu. Kinachowarudisha barabarani ni kujaa kwa matangi mawili: la maji ya bafu na sinki, na la choo.

Ubahili wa maji bafuni hufaa, chooni huponza. Kinyesi kisichopata maji ya kutosha hurundikana chini ya tundu na kukauka. Maji ya kusuuzia vyombo, yakikingwa kwenye beseni, hutosha kusukumia choo.

Kituoni, tangi la choo humwagwa kwanza. Maji ya bafu hufuata, yakiosha mpira.