BUNDUKI YA MAREHEMU INAKWENDA KWA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu, leo sitaanza na aya wala hadithi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita niliitwa kijijini, si mbali sana na hapa Mpanda mjini, kugawa mirathi ya mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kuwinda. Tulikaa kwenye mkeka tangu baada ya Adhuhuri mpaka Alasiri. Niliuliza madeni, yakatajwa. Niliuliza wasia, haukuwepo. Niliuliza mali, tukahesabu ng'ombe, shamba la mpunga, baiskeli mbili na mabati yaliyokuwa hayajaezekwa. Kila mtu alipata fungu lake, tukasoma dua, tukala, nikarudi mjini nikiwa nimeridhika kwamba nimeitendea haki familia ile.

Lakini mle ndani, juu ya dari, palikuwa na gobore. Kila mtu kwenye mkeka ule alijua lipo. Mimi pia nilijua, maana mzee yule kitoweo chake tulikwisha kukila. Hakuna aliyelitaja, na mimi sikuuliza. Nilijiambia kimoyomoyo kwamba hilo ni jambo la serikali, si la sheikh.

Wanaojua gobore wanaelewa kitu kimoja. Ukishalishindilia baruti na gololi, haliwi tupu mpaka lilie au fundi alitoe mzigo wake. Linaweza kukaa juu ya dari miaka likiwa na mzigo ule ule. Siku moja wajukuu walilishusha wakacheza nalo. Mtoto mmoja alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Alhamdulillah, hakufa. Lakini kila nikimwona akila kwa mkono ule, nakumbuka mkeka ule.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze, kwa urefu kidogo, jambo ambalo misikitini hatulizungumzi: mtu aliyekuwa na silaha akifa, silaha ile inakuwaje?

BUNDUKI ILIFIKAJE HUKU KWETU?

Wengine wakisikia bunduki na Katavi kwa pamoja, haraka huwatupia lawama wageni waliovuka mpaka mwaka 1972 na baadaye. Tuwe waadilifu. Kabla ya makazi ya Katumba na Mishamo kuwepo, gobore lilikuwa hapa. Babu zetu walilijua kabla ya Mjerumani.

Lilikuja na pembe za ndovu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikashuka Ukonongo na Mpimbwe mpaka ziwani Karema. Ilipeleka nguo, shanga, bunduki na baruti, ikarudi na pembe na, Allah atusamehe, binadamu wenzetu waliofungwa minyororo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza pale Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa mwaka mmoja kupitia pwani hii. Nyingi zilikuwa silaha kuukuu zilizoachwa na majeshi ya Ulaya baada ya kupata mpya.

Hata lugha yetu inasimulia. Bunduki ni neno lililotoka kwenye Kiarabu. Risasi vilevile: asili yake ni lile dini zito la kijivu. Na sisi watu wa Mpanda tunalijua, maana reli yetu ya kutoka Kaliua, iliyofika hapa mwaka 1950, ilijengwa kwa ajili ya kuchukua madini ya risasi. Mgodi ukafa, reli ikabaki, mji ukakua.

Sasa tuulize: bunduki ya msafara ilikuwa ya nani hasa? Hapa pana somo. Mara nyingi aliyeibeba hakuwa mwenyewe. Na tajiri wa msafara naye mara nyingi alikuwa amekopa. Tippu Tip mwenyewe, pamoja na umaarufu wake wote, alifadhiliwa na mfanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan. Kwa hiyo tajiri alipofia porini, bunduki na pembe alizoziacha zilikuwa na mdai anayezisubiri pwani. Mtoto aliyedhani amerithi bunduki hamsini huenda alirithi deni.

MIRAMBO NA FUNZO LAKE

Jirani zetu wa Unyamwezi walikuwa na Mtemi Mirambo. Kwa vijana wake wa rugaruga na bunduki zao aliwasumbua wafanyabiashara wa Tabora katika vita vilivyoanza mwaka 1871, na mkono wake ulifika mpaka huku kwetu. Mwezi Juni 1880 majeshi yake, pamoja na ya mtemi aliyeitwa Simba, yaliushambulia mji wa Mpimbwe. Wazungu wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wametoka Karema, walikutwa humo wakafa wote wawili. Carter ndiye aliyewaleta bara wale tembo wanne wa kutoka India waliotarajiwa kubeba mizigo badala ya wapagazi. Tembo nao walikwisha kwa vifo njiani na Karema.

Mirambo alifariki Desemba 1884. Bunduki zake hazikufa pamoja naye. Zilibaki, na vijana wa kuzishika walibaki. Lakini dola yake haikudumu. Ndugu yake alishika nafasi, ila himaya ilisambaratika, kila mwenye kundi akashika njia yake na silaha zake. Haikupita miaka kumi Mjerumani akawa ndiye bwana.

Ndugu msomaji, tafakari. Silaha iliyokuwa imeshikwa na mkono mmoja wenye amri, mkono ule ulipoondoka, ikawa ya kila mtu. Na silaha ya kila mtu haimlindi mtu.

Linganisha na kisa kingine cha enzi hizo hizo. Mwaka 1873 Dokta Livingstone alifia kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, akina Susi na Chuma, walikuwa porini, mbali na serikali yoyote, na wangeweza kugawana vitu vyake wakatawanyika. Hawakufanya hivyo. Masanduku yalifunguliwa mbele ya watu wote, na mwenzao Jacob Wainwright akaandika kilichokutwa ndani. Kisha wakaubeba mwili na vitu vile kwa miguu, wakafika Tabora Oktoba mwaka ule, na hatimaye Bagamoyo. Sisi wenye misikiti na ofisi ya mtendaji karibu, tunashindwa kuandika orodha ya vitu vya marehemu wetu?

KARATASI ILIPOINGIA

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba kule Brussels. Pamoja na kupinga biashara ya watumwa, ulizuia uingizaji holela wa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, na nchi yetu ikiwemo. Tusidanganyike: waliokuwa wakitunyang'anya bunduki walikuwa wakija na mizinga. Hata hivyo jambo moja lilibadilika, na halijarudi nyuma mpaka leo: bunduki ilifungwa na jina la mtu kwenye karatasi. Mjerumani alifanya hivyo, Mwingereza akaendelea, na Tanzania huru ikaendelea.

Hapo ndipo fujo ya mirathi ilipoanza. Kwa mila zetu, katika koo nyingi za huku, mtoto anayerithi jina la marehemu hukabidhiwa na vifaa vyake: mkuki, upinde, na baadaye gobore. Kwa mila, ameshamiliki. Kwa karatasi, mwenye bunduki ni mtu aliyeko kaburini. Mtoto anatembea na kitu ambacho ukoo unasema ni chake na serikali inasema si chake.

Mnakumbuka Oktoba 2013, Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Ilisimamishwa baada ya wiki chache kwa malalamiko ya wananchi kuteswa na kudhulumiwa, na mwezi Desemba mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Dhuluma ni dhuluma, na bunge lilisema. Lakini jifunze hili: mtu akikukuta na silaha hakuulizi kwanza kama ni kumbukumbu ya babu. Anauliza kibali chako.

DINI INASEMAJE?

Wapo wanaosema, "Sheikh, mali ya baba ni haki yetu, Allah ametugawia." Kweli. Lakini twende taratibu.

Amepokea Imam Bukhari kwamba Mtume wetu (swalla Allahu alayhi wasallam) hakuacha dinari wala dirhamu. Alichoacha ni nyumbu wake mweupe, silaha zake, na ardhi aliyoifanya sadaka. Na imepokewa kwa mama yetu Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) kwamba alifariki huku deraya yake, vazi la vita, ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri aliyokopa kulisha nyumba yake.

Umeona? Kifaa cha vita cha kiongozi wa umma kilikuwa na deni la chakula. Na watu wanajua: silaha yake na deni lake havikufichwa. Deni hutangulia mirathi, kama Surat An-Nisaa inavyotufundisha: wasia na deni kwanza, halafu mafungu.

Kisa cha pili ni upanga wa Zubayr bin Al-Awwam (radhi za Allah ziwe juu yake). Ulikuwa na pengo lililopatikana Badr. Baada ya mwanawe Abdullah kuuawa, upanga ulirudishwa kwa mwanawe mwingine, Urwa. Familia ilifanyaje? Hawakuukata vipande. Waliuthamini kwa elfu tatu, mmoja wao akauchukua kwa thamani hiyo. Na Hisham, mwana wa Urwa, akasema alitamani angeuchukua yeye.

Hiyo ndiyo njia. Kitu kisichogawanyika huthaminiwa, anayefaa akakichukua au kikauzwa, na wengine wakapata haki yao kwa thamani, hata binti na mjane. Bunduki si ya mtoto wa kiume mkubwa eti kwa sababu ni mwanamume. Mjane ana thumni yake humo. Anayeificha bunduki ya halali ya marehemu ameiba haki ya warithi wenzake.

BASI TUFANYE NINI?

Sheria inayotumika leo ni ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Leseni ya silaha ni ya mtu aliyetajwa humo. Hairithiwi. Kinachoweza kurithiwa ni thamani ya mali, si ruhusa ya kuishika. Kwa hiyo:

1. Mara tu baada ya mazishi, usisubiri arobaini. Watu wazima wawili au watatu wajue silaha iko wapi, na watoto waondolewe hapo. Msiichezee kujua kama ina risasi.

2. Toeni taarifa polisi kupitia mtendaji au moja kwa moja kituoni, mkiwa na leseni ya marehemu na uthibitisho wa kifo. Ulizeni kwanza namna ya kuifikisha. Usiipakie kwenye bodaboda ukapita nayo barabarani. Ikipokelewa, dai maandishi ya kupokelewa.

3. Ukoo ukae, uteue msimamizi wa mirathi, na mahakama imthibitishe. Bunduki iandikwe kwenye orodha pamoja na ng'ombe na shamba.

4. Mrithi anayeitaka aombe leseni kwa jina lake, kama mtu mpya. Akikubaliwa, anaichukua kwa thamani. Akikataliwa, au kama hakuna anayeitaka, msimamizi afuate utaratibu wa polisi wa kuiuza kwa mwenye kibali au kuisalimisha.

5. Na wewe mwenye bunduki uliye hai: andika wasia unaosema ipo, iko wapi na karatasi zake ziko wapi. Usimwachie mjane wako fumbo.

NA GOBORE LISILO NA KARATASI?

Hili ndilo swali la wengi, mnaniuliza kwa siri baada ya swala. Jibu langu: hilo halina fungu. Usiliweke kwenye mirathi, usilihamishe kwa shemeji, usilitupe mtoni akaliokota mwingine. Lisalimisheni.

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka kwa ajili ya kusalimisha silaha kwa hiari, na hapa kwetu Serikali imetangaza misamaha ya namna hiyo. Mwaka 2022 kwa mfano, kilikuwa kipindi cha kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka 31 Oktoba, ambapo anayesalimisha hakushtakiwa kwa kuimiliki. Sikilizeni redio, muulizeni mtendaji. Anayeogopa kwenda peke yake aje kwangu, au kwa padri, au kwa mwenyekiti wa kijiji, tumsindikize. Sioni haya kusindikiza gobore. Haya ninayoona ni ya vidole viwili vya mtoto wa watu.

Ndugu zangu, zamani nikikaa kwenye mkeka wa mirathi nilikuwa na maswali matatu: deni, wasia, mali. Sasa nina la nne, nalo naliuliza kwa sauti, wanawake wakiwa wanasikia: "Marehemu ameacha silaha?" Mara nyingine wanaume hutazama chini. Mara nyingine ni mjane anayejibu kutoka ndani, "Ipo, sheikh, na mimi silali."

Ukimsikia mjane akisema hivyo, usingoje wiki iishe.

Ya Allah, warehemu wazee wetu, walipe madeni yao, ilinde mikono ya watoto wetu, na utujaalie kufa tukiwa hatujaacha mtego ndani ya nyumba zetu. Amin.

Mfikishie mwenzako, hasa mwenye mzee aliyekuwa mwindaji.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.