Kodi ya Mfanyakazi wa Eastlands: Kibanda Nyumbani, Mshahara Mjini

Kodi ya vibanda ilianza kutozwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1901, miaka mingi kabla ya Pumwani kuwa mtaa wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Sheria ya 1910 iliongeza kodi ya kichwa kwa wanaume watu wazima ambao hawakuwa na kibanda cha kutozwa. Mpango huo ulimlenga mtu anayelala pale anapolima. Kwa mpagazi wa reli aliyelala Muthurwa huku mkewe akiwa Nyanza, kibanda kilichodaiwa kilikuwa mwisho wa safari ndefu ya treni, ilhali pesa za kukilipia zilitoka Nairobi. Mwenye wake watatu alidaiwa vibanda vitatu.

Serikali ilihitaji njia ya kumfuata mfanyakazi aliye mbali na kibanda chake, na kipande, yaani kitambulisho cha lazima, kikawa njia mojawapo. Sheria yake ya 1915 ilianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Karatasi iliyotaja jina, kabila na wilaya ya mwenyewe ilikunjwa ndani ya kikasha cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Hata mtu angeishi mjini miaka kumi, karatasi hiyo iliendelea kumhesabu kuwa wa wilaya aliyotoka. Kodi ilipofikia shilingi 16, uchungu wake ukaungana na ule wa kipande na wa mishahara iliyopunguzwa. Mwanaharakati Harry Thuku aliyasema hayo hadharani, akakamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 umati uliodai aachiliwe ulipigwa risasi Nairobi. Kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Kuanzia 1925 mabaraza ya wenyeji ya wilayani nayo yalitoza michango yao, hasa kwa ajili ya shule na zahanati za huko. Mjini, huduma za Waafrika ziligharamiwa kwa sehemu na mapato ya pombe iliyouzwa katika kilabu cha manispaa, Pumwani. Huo ulikuwa mgawanyo wa dhuluma: jasho lilimwagika mjini, lakini mji ulijiona hauna deni kwa aliyelimwaga. Vyumba vya mitaa ya Shauri Moyo na Ziwani vilijengwa kwa fikra hiyohiyo, kwamba mpangaji ni mgeni wa muda.

Baada ya uhuru, kodi ya mtu binafsi iliyopangwa kwa viwango vya kipato ilizipa serikali za mitaa pesa, na Nairobi, yenye waajiri wengi, ilinufaika sana. Mitaa ya Jericho na Ofafa ilikuwa na wapangaji ambao sasa mchango wao ulionekana katika hesabu za jiji lenyewe. Kodi hiyo ilifutwa mwishoni mwa 1973. Kodi ya mapato, inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, ikabaki mikononi mwa serikali kuu.

Katiba ya 2010 iliufunga mjadala wa nani atoze kodi ya mapato. Kifungu cha 209 kinaipa serikali ya kitaifa pekee mamlaka ya kutoza kodi ya mapato; kaunti zinaweza kutoza kodi ya ardhi na majengo, na ya burudani. Kwa hiyo mkazi wa Kitengela, kaunti ya Kajiado, anayefanya kazi Nairobi huwasilisha ritani moja kwa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) ifikapo tarehe 30 Juni. Nchini Marekani, anayeishi New Jersey na kufanya kazi New York huwasilisha ritani kwa majimbo yote mawili, kisha jimbo la nyumbani humpunguzia kodi kwa kile alichokwisha kulipa kule. Kenya, hesabu hiyo haimfikii mlipakodi. Hufanywa juu yake, pale angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa inapogawiwa kaunti.