Pakiti ya ORS kama Hoja ya Kufundisha Baiokemia na Fiziolojia Pamoja

Mara nyingi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi za uhai husomeshwa baiokemia na fiziolojia kama masomo mawili yasiyojuana. Huku anakariri vimeng'enya na hatua za kuvunjwa kwa glukosi. Kule anachora utumbo na figo. Makala haya yanadai kuwa utengano huo unamnyima jambo la msingi: kutambua hesabu ya molekuli inatosha wapi, na mwili unaigeuza wapi. Ushahidi upo katika pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na glukosi ambao mgonjwa wa kuhara hunywa ili kurudisha maji mwilini.

Mwaka 1960, jijini Prague, Robert Crane alipendekeza kwamba glukosi haiingii peke yake katika seli za utumbo mwembamba, bali huingia sambamba na sodiamu. Protini inayozibeba, SGLT1, hupitisha ayoni mbili za sodiamu kwa kila molekuli ya glukosi. Nguvu ya kazi hiyo hutoka upande wa pili wa seli, ambako pampu hutumia ATP kuitoa sodiamu nje na kuweka nafasi kwa nyingine. Maji hufuata.

Sumu ya kipindupindu hufungua njia za kloridi, na maji yakamwagika utumboni. Lakini SGLT1 huendelea kufanya kazi. Ndiyo maana mgonjwa anayeharisha mfululizo bado hufaidika na anachokunywa. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipokuwa haba, Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na glukosi. Vifo vilishuka hadi asilimia 3.6.

Tuingie kwenye hesabu. Pakiti inayopendekezwa sasa na Shirika la Afya Duniani ina gramu 13.5 za glukosi kwa lita moja ya maji. Gawanya kwa 180, yaani gramu za moli moja ya glukosi, unapata moli 0.075, sawa na milimoli 75. Sodiamu, ukijumlisha ile ya chumvi na ile ya sitrati, nayo ni milimoli 75. Mwanafunzi makini atahoji: ikiwa protini hudai mbili kwa moja, mbona pakiti ina moja kwa moja? Baiokemia pekee itamwacha njia panda. Fiziolojia itamkumbusha kuwa utumbo unaoharisha wenyewe humwaga majimaji yenye sodiamu tele, kwa hiyo SGLT1 haitegemei pakiti tu. Basi kwa nini sukari isizidishwe? Kwa sababu glukosi isiyofyonzwa hubaki ikivuta maji utumboni. Mchanganyiko wa awali wa Shirika hilo ulikuwa na milimoli 111 za glukosi na 90 za sodiamu. Majaribio kwa watoto yalionyesha kwamba kuzipunguza zote mbili hupunguza kuhara, kutapika na haja ya dripu.

Wapo watakaosema misingi itangulie, matumizi yafuate. Hoja hiyo ina uzito, kwani asiyejua moli hawezi kufanya hesabu hii. Hata hivyo, moli hueleweka haraka zaidi inapojibu swali lenye maana, na swali la pakiti halidai zaidi ya kugawanya na kujumlisha. Kinachokosekana si maarifa ya awali, ni mtaala unaoruhusu swali moja livuke mipaka ya idara. Hatua ya kwanza haina gharama kubwa: mtihani wa mwaka wa kwanza uwe na swali moja la lazima, litungwe na kusahihishwa kwa pamoja na walimu wa masomo yote mawili. Wanafunzi husoma kinachotahiniwa. Walimu nao hufundisha hivyo hivyo.