Nyumba Njema si Mlango: Madirisha ya Mji Mkongwe na Wakaao Ndani

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wengi walioandika juu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar hawakuufuata wasia huo. Walisimama njiani wakaisifu milango. Nakshi zake zikapigwa picha, minyororo na mayungiyungi yaliyochongwa katika miimo yake yakafasiriwa, na vichwa vya misumari ya shaba vikasuguliwa viwake mbele ya wageni. Dirisha halikupata bahati hiyo. Lakini kwa mtu anayeishi ndani, mlango ni wa kupita tu. Dirisha ndilo linaloamua kama mtoto atalala au atalia, kama mgonjwa atapata pumzi, na kama mama mwenye nyumba ataweza kuvua mtandio wake mchana bila ya kuonekana na jirani.

Neno lenyewe limetoka mbali. Wajuzi wa lugha hulirejesha katika Kiajemi, ambako maana yake ni mlango mdogo. Nyumba za zamani za upwa wa kaskazini, kama zile za Lamu, hazikuwa na haja kubwa ya mlango mdogo wa kutazamia njiani. Mwanga na hewa vilishuka kutoka kiwandani, katikati ya nyumba, na ukuta wa upande wa njia uliachwa kipofu kwa makusudi. Unguja ya karne ya 19 ilishika mwendo mwengine. Baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake hapa kutoka Maskati, mji ulikua kwa haraka. Waarabu wa Oman walijenga nyumba ndefu zenye kuta nyeupe zisizo na mapambo mengi. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga duka chini na makao juu, wakaongeza roshani, mbao zilizokatwa nakshi, na vioo vya rangi juu ya madirisha. Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, aliizungushia baraza kila ghorofa. Nyumba ya Unguja ilikuwa imeanza kutazama nje.

Kutazama huko kulikuwa na adabu yake. Dirisha la kawaida la ghorofani lilikuwa refu, likianzia karibu na sakafu na kupita kimo cha mtu. Mbele yake zilipita nondo za chuma au vijiti vya mbao. Mbao za kufungia aghalabu zilikuwa nne, mbili za chini na mbili za juu, kila moja na bawaba zake. Za chini zikifungwa na za juu zikiachwa wazi, joto lilipanda na kutoka, na aliyekaa mkekani hakuonekana na mtu. Katika nyumba nyengine mbao hizo zilitiwa vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari, kiasi cha kumwezesha aliye ndani amwone muuza samaki bila ya muuza samaki kumwona yeye. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye unene wa nusu mita na zaidi, ulizuia jua la mchana. Dirisha lilikaribisha upepo: kusi kwa miezi ya baridi, kaskazi kwa miezi ya joto. Mwenye nyumba alijua lipi la kufunguliwa lini, kama nahodha anavyojua tanga lake.

Kila kitu katika dirisha hilo kilitengenezeka. Kipande kilichooza kiliweza kukatwa na kuungwa kwa kipande kipya cha mbao ngumu, bawaba ikafuliwa upya, nondo ikapigwa msasa na kupakwa rangi. Hata hivyo matengenezo hayo yalihitaji mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya nyumba nzima, na mtu huyo akatoweka.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, wenye nyumba wengi waliondoka nchini, na nyumba nyingi zilitaifishwa. Jumba lililojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja likagaiwa fleti kwa familia kadhaa, nyingi zikiwa zimetoka mashamba na hazijapata kukaa ghorofani. Watu waliokuwa hawana makao mjini wakapata makao. Hilo ni jambo kubwa, na si haki kulisahau kila yanapotajwa machakavu ya mji. Lakini jumba halikuwa limekusudiwa kugaiwa. Pazia au ukuta wa mbao ukipita katikati ya ukumbi, mmoja alibaki na madirisha mawili na mwenziwe akabaki na giza. Kodi ilikuwa ndogo, na mwenye nyumba sasa alikuwa Serikali au Wakf, mwenye majumba mengi na fedha chache. Dirisha lililokuwa likipakwa mafuta kila mwaka likawa si la mtu. Mvua za masika zikaingia katika kizingiti cha chini, hewa ya chumvi ikala bawaba, mchwa nao wakamaliza kilichobaki.

Basi siku ikafika ya kubadilisha. Wanaozungumza juu ya uhifadhi huiita siku hiyo hasara, na wauzaji wa madirisha mapya huiita maendeleo. Kwa wakaao ndani ni vumbi kwanza. Nyumba ya matumbawe haijui vipimo sawa. Fremu ya zamani imejengewa pamoja na ukuta, na hung'oka na sehemu ya ukuta huo. Chokaa ya zaidi ya miaka mia hushuka juu ya vitanda, katika mitungi ya maji, katika Msahafu uliofunikwa kwa kitambaa. Familia isiyo na pengine pa kwenda huhama kutoka chumba kimoja hadi chengine, godoro likifuata nyuma ya nyundo. Fundi akichelewa kurudi, tundu huzibwa kwa shuka, mkeka au kipande cha bati. Usiku huo mwanga wa taa humtoa nje kila mtu wa ndani, na wanawake hukaa wamejifunika katika chumba chao wenyewe. Mvua ikinyesha kabla ya fremu mpya kufika, jirani wa chini naye huingia katika shida ambayo hakuitaka.

Halafu dirisha jipya hufika: fremu ya alumini, vioo viwili vya kusukuma, wavu wa mbu. Si haki kulibeza. Halioi, haliliwi na mchwa, hufungika, na huingiza mwanga ambao mwanafunzi anauhitaji. Bei yake hujulikana siku ya kwanza, na kazi yake huisha haraka kuliko kumsubiri seremala na mbao ngumu ambayo imekuwa adimu na ghali. Aliyekaa miaka mingi akichungulia mawingu kila masika ana haki ya kushukuru.

Kasoro zake huonekana kwa kukaa nalo. Vioo viwili vinavyopishana huacha nusu tu ya nafasi ikiwa wazi. Kioo hupitisha jua ambalo mbao ililizuia, na chumba kilichokuwa kivuli saa nane mchana huwa tanuri. Hakuna tena chini kufungwa na juu kufunguliwa: ama upepo na kuonekana, ama stara na joto. Wengi huchagua stara, wakashusha pazia zito, wakawasha feni. Saruji iliyotiwa pembeni mwa fremu nayo haipatani na chokaa. Chokaa huvuta unyevu na kuutoa, saruji huufungia ndani, na ukuta ulioponea dirisha bovu huanza kuoza kwa sababu ya dirisha zima.

Feni huhitaji umeme. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, chini ya miaka miwili tu baada ya kukosa umeme kwa karibu mwezi mzima mwaka 2008. Miezi hiyo mitatu ilikuwa ya kaskazi, ndiyo miezi ya joto kali kabisa. Asiyekuwa na jenereta aliutegemea upepo, na upepo huingia kwa kadiri ya tundu uliloachiwa.

Sheria haikulala. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, sheria yake ikapitishwa mwaka 1994 na nyengine mwaka 2010, na UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Msimamo wa uhifadhi ni wazi: dirisha la asili litengenezwe, na likishindikana liwekwe jengine la mbao kwa umbo lile lile. Msimamo huo ni wa busara, ila haumwambii mpangaji fedha zitatoka wapi. Dunia imeurithi uso wa nyumba, na mpangaji amerithi gharama zake.

Mshairi wa Al-Inkishafi aliposimama katika magofu ya Pate, alizipima nyumba kwa vipande vyake, zidaka zilizokuwa na vyombo sasa zikiwa makao ya ndege. Yeye aliuliza juu ya watu waliokwisha kuondoka. Mji Mkongwe una watu, na nyumba zake huanguka na watu wakiwamo. Disemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka hali ya kuwa matengenezo yanaendelea, na mafundi waliokuwa kazini wakapoteza maisha. Kama jumba lililotazamwa na dunia nzima lilifikwa na hayo, fleti ya ghorofa ya tatu ndani ya kichochoro haiwezi kuambiwa isubiri.

Ipo njia ambayo mafundi wa zamani waliijua. Dirisha aghalabu huoza kwa chini, pale maji yanapotuama. Sehemu hiyo inaweza kukatwa na kuungwa bila ya kuing'oa fremu, ukuta ukazibwa kwa chokaa, na familia ikabaki chumbani mwake. Fedha nyingi za kazi hiyo ni ujira wa seremala, na seremala ni mtu wa mtaani. Kinachohitajika ni mwenye nyumba, awe Serikali, Wakf au mtu binafsi, achangie gharama kabla ya kuoza kufika juu, na mpangaji aulizwe kwanza. Yeye ndiye ajuaye dirisha lipi huingiza kusi, lipi linamtazama jirani, na lipi halijafunguka tangu watoto wake wakiwa wadogo.