Gari lililoshushwa kupita kiasi: namna ya kuinua upya upande wa nyuma

Simama kwenye mteremko wa feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa, nawe utayajua magari yaliyoshushwa kupita kiasi bila kuambiwa na fundi. Gari linatoka kwenye feri, magurudumu ya mbele yanaanza kupanda mlima, na papo hapo bampa ya nyuma au ekzosi inakwaruza chuma, kruuu, mpaka abiria wa miguu wanageuka kutazama. Dereva anatabasamu kama hajasikia.

Mpwa wangu alinunua Mazda Demio kwa mtu, tayari imeshushwa. Alipokuwa akiiendesha peke yake mjini hakuwa na lalama. Siku ya arusi ya Msambweni alimpakia mamake, makhalati wawili na sufuria ya pilau kwenye buti, na gari likaketi chini kama kuku anayeatamia. Kila tuta walishuka abiria, wakavuka kwa miguu, wakapanda tena. Usiku wakirudi, kila gari lililokutana nao liliwawashia taa kwa hasira. Siku ya pili yake alikuja kwangu kuuliza nyuma inainuliwa vipi. Haya hapa chini ndiyo niliyomwambia, na mengine niliyoyaongeza kwa faida ya wasomaji wenye magari ya aina nyingine.

Sina ugomvi na vijana wanaopenda gari likae chini. Lakini kuna tofauti kati ya kushusha na kuangusha. Chini ya kila gari kuna kizuizi cha mpira ambacho springi ikibanwa mpaka mwisho ndicho kinachopokea pigo. Gari lililoshushwa mno hukaa karibu na mpira huo, au juu yake kabisa. Hapo springi haifanyi kazi tena. Kila shimo linapiga bodi moja kwa moja, na gurudumu likirushwa na barabara mbovu halishiki lami vizuri.

Zile taa nazo zina hesabu yake. Taa za chini, tunazoziita dimu, hupangwa zielekee chini kidogo, takriban asilimia moja, yaani sentimita 10 kwa kila mita 10. Gari kama Demio lina karibu mita 2.5 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Nyuma ikishuka sentimita 4 peke yake, pua inainuka kwa asilimia 1.6. Kwa umbali wa mita 50 mwanga umepanda sentimita 80. Dimu yako imekuwa taa kubwa, na anayekuja mbele yako kwenye barabara ya Malindi haoni kitu. Hili ndilo linaloniudhi zaidi katika jambo hili lote, kwa sababu anayeumia si mwenye gari.

Kabla ya kugusa spana, pima. Egesha gari mahali palipo sawasawa, tairi zikiwa na upepo wake kamili, buti tupu. Usipime kutoka ardhini. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, uandike. Ukipima hivyo, upepo wa tairi na mabonde ya sakafu hayatakudanganya. Kulia na kushoto vikipishana zaidi ya sentimita moja, usifikirie kuinua bado. Tafuta kwanza springi iliyovunjika. Huku kwetu chumvi ya bahari hula chuma, na mara nyingi springi hukatika kwenye mzunguko wake wa mwisho wa chini, palipojificha ndani ya kikalio, ambapo maji na mchanga hukaa. Springi iliyokatika haiinuliwi kwa kipande chochote, ni ya kutupwa.

Tazama pia kama springi imekatwa kwa makusudi. Huu ndio ushushaji wa bei nafuu: fundi anachukua msumeno anaondoa mzunguko mmoja au mmoja na nusu. Springi iliyopungua mizunguko huwa ngumu zaidi, na ncha iliyokatwa hailali vizuri kwenye kikalio chake. Gari likiinuliwa kwa jeki, au gurudumu likining'inia shimoni, springi inaweza kuchomoka. Wengine huichoma kwa gesi mpaka inyweye, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa moto huondoa ule ugumu wa chuma ulioifanya iwe springi. Kwa zote mbili dawa ni moja: tafuta springi za asili za gari hilo hilo, hata za mtumba kutoka Japani, mradi ziwe jozi kutoka gari moja na hazina kutu ya kumenyeka.

Sasa, kazi yenyewe inategemea nyuma ya gari lako imeundwaje.

Magari madogo mengi ya hapa kwetu, kama Vitz, Demio na Honda Fit za magurudumu mawili ya kuvuta, yana boriti moja inayounganisha magurudumu ya nyuma, na springi imekaa peke yake, mbali na shokomzoba. Hizi ndizo rahisi. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, legeza nati za rimu, inua kwa jeki kisha ulilaze gari juu ya stendi mbili za chuma. Jeki si ya kulalia chini yake, hata dakika moja. Na kama ua wako ni mchanga, tandika ubao mpana chini ya kila mguu; stendi huzama taratibu bila kukupigia hodi.

Shikilia boriti kwa jeki ya pili, fungua bolti za chini za shoki zote mbili, kisha ishushe boriti pole pole. Macho yako yawe kwenye paipu za mpira za breki na waya za vihisio vya magurudumu. Zikianza kukaza, simama, uzifungue kwenye vishikizo vyake kwanza. Boriti ikishuka vya kutosha springi inatoka kwa mkono.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha springi za kiwango cha kiwanda. Ya pili ni kuweka kipande cha kuinulia, ile spesa ya mpira mgumu au alumini, kati ya springi na kikalio. Ukichagua spesa, kumbuka kwamba springi kwa kawaida iko karibu na bushi za boriti kuliko gurudumu lilivyo. Tuseme kutoka bushi hadi springi ni sentimita 40, na hadi katikati ya gurudumu ni sentimita 50. Spesa ya milimita 20 itainua gari milimita 25. Wengi hawalijui hili, wanaweka spesa ya inchi mbili, kesho gari limeinua makalio kama panzi. Anza na kidogo.

Vile vipira vinavyopachikwa katikati ya mizunguko ya springi sivipendi. Vinainua, ni kweli, lakini kwa kuizuia sehemu ya springi isifanye kazi. Springi inakuwa ngumu na inasuguliwa rangi mpaka inaota kutu.

Ukirudisha springi, ncha yake lazima iguse kile kizuizi kidogo cha kwenye kikalio. Kisha jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipuuza: bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zisikazwe gari likiwa linaning'inia. Zishike kwa mkono tu, shusha gari likanyage ardhi, ndipo ukaze kabisa. Ukikaza gurudumu likining'inia, mpira wa bushi utakaa umejisokota siku zote na utachanika mapema.

Kwa Subaru Impreza na nyingine ambazo springi imezungushwa kwenye shoki, habari ni tofauti. Springi hiyo imebanwa ndani na ina nguvu ya kumuua mtu. Nati ya juu haifunguliwi bila kibanio maalumu cha springi, na mimi nasema mwachie fundi mwenye kifaa hicho. Unaloweza kuliangalia mwenyewe ni tairi. Nyuma ya namna hii gari likishuka sana, magurudumu huinamia ndani kwa juu, na tairi huliwa upande wa ndani ambao huuoni ukisimama kando. Pitisha kiganja chako huko nyuma, utashangaa.

Waliofunga koilova, zile zenye uzi na pete za kuzungusha, hudhani wao wana raha kuliko wote. Ni kweli, ila pwani pete hizo huganda kwa chumvi. Safisha uzi kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku mzima, ndipo uzungushe kwa spana yake ya ndoano. Hesabu mizunguko, upande huu na huu sawa. Halafu tazama ni aina gani. Kama kikombe cha chini cha shoki nacho kina uzi, inua kwa kuzungusha hicho, na springi usiiguse. Kama ni springi pekee inayopandishwa, kuna mpaka: ukiipandisha sana, shoki inakuwa imenyooka karibu mpaka mwisho wake, na gari likipita tuta gurudumu halina pa kushukia. Utasikia linagonga "tak" kila linaposhuka.

Vani zenye springi za bamba, kama HiAce, hushushwa mara nyingi kwa kipande cha chuma kinachowekwa kati ya ekseli na bamba. Kuinua ni kukiondoa, na kutumia bolti za U zenye urefu unaofaa. Vani nyingi za mizigo zina valvu ya breki yenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli, inayopima uzito kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Gari lililoshushwa humdanganya valvu huyu kwamba limepakia, naye hupeleka breki nyingi nyuma. Barabara ikiwa na maji, nyuma inateleza. Ukiinua kupita kiwango, hupeleka kidogo mno. Kwa hiyo fimbo hiyo ipangwe upya kila kimo kinapobadilika.

Ukimaliza, endesha kilomita chache, pita matuta mawili matatu, urudi upime tena pale pale ulipopima mwanzo. Springi mpya hukaa chini kidogo baada ya siku kadhaa, basi pima tena baada ya wiki. Peleka gari likapangwe magurudumu, na usiku lisimamishe mbele ya ukuta uzipange taa upya.

Demio ya mpwa wangu ilikuwa na springi zilizokatwa. Tulipata jozi ya asili, kazi ikatuchukua asubuhi moja, saa nzima kati yake tukipigana na bolti moja ya shoki iliyoshikwa na kutu. Mbele bado iko chini kidogo, mwenyewe hataki iguswe. Mamake alipoipanda kwenda Msambweni mara ya pili alikaa kiti cha nyuma, na kwenye tuta la kwanza alishika mlango tayari kushuka.