Msoto: Nani Anamsotesha Mchezaji?

Jioni moja mjini Namanyere nilimkuta mpwa wangu ameegemea ukuta wa duka, simu imechomekwa kwenye chaja ya mwenye duka, vidole gumba vikienda mbio juu ya kioo chenye ufa. Alikuwa akimuua nguruwe pori. Nguruwe akifa anarudi yuleyule, anauawa tena. Kila mara kijana anaokota vipande vitatu vya chuma, na upanga anaoutaka unadai mia tano.

"Mjomba, nimesota tangu Jumatatu," akaniambia bila kuinua macho, "na bando linakata."

Neno nililokuwa nikilitafuta kwa miezi lilikuwa mdomoni mwake.

Wabunifu wa gemu hukiita kitu hiki kwa Kiingereza 'grind': kazi fupi inayorudiwa mara nyingi ili mchezaji apate pointi, silaha au levo ya kusonga mbele. Tafsiri ya kwanza inayomjia mtu ni kusaga, na ina hoja zake. Kijana anayezunguka mjini akitafuta ajira tunasema anasaga lami. Lakini kwetu Ufipa kusaga kuna mwisho unaoonekana. Debe la mahindi linaingia kwenye mashine, unakinga unga upande wa pili, unapangusa vumbi jeupe kwenye nyusi, unarudi nyumbani kusonga ugali. Alichokuwa akifanya mpwa wangu kimetengenezwa kisiishe upesi.

Ndiyo maana nachagua msoto. Kusota kwa asili ni kujiburuza kwa makalio. Magazeti yetu huandika kwamba mtu amesota rumande, amesota kwenye foleni. Anayesota anasogea, ila polepole mno, na njia inamchubua.

Kilichonivutia zaidi ni sarufi. Ukisema mchezaji anasaga, utadhani amejitwika mwenyewe. Kiswahili kina kauli ya kutendesha: kusotesha. Ukilitamka tu, msikilizaji atauliza ni nani anayesotesha. Basi napendekeza msoto uwe ile hali anayoipitia mchezaji, na usoteshaji uwe mbinu ya mbunifu anayepanga bei, muda na zawadi za bahati nasibu.

Mfano wa usoteshaji ulio wazi ni wa Novemba 2017. Katika Star Wars Battlefront II ya kampuni ya EA, kumfungua mhusika Darth Vader kulidai pointi 60,000. Wachezaji wakapiga hesabu, wakapata takribani saa 40 za kucheza kwa mhusika mmoja tu, ndani ya gemu waliyokwisha kuinunua. Hasira zikapanda, EA ikashusha bei hadi 15,000. Namba ile haikushuka kutoka mbinguni. Kulikuwa na mkono ulioiandika na mkono ulioifuta.

Jina nalo lina nguvu. Wabunifu wa kampuni ya Blizzard walipokuwa wakiijaribu gemu ya World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, mchezaji aliyecheza muda mrefu alipunguziwa pointi za uzoefu. Watu wakalalamika. Blizzard wakaubakiza uwiano uleule, ila kilichoitwa kawaida wakakiita bonasi ya mapumziko, na kilichoitwa adhabu wakakiita kawaida. Malalamiko yakatulia. Kwa hiyo anayetunga istilahi achague kwa uangalifu. Neno laini humfichia mchezaji anachofanyiwa.

Neno hili nalo lina mipaka yake: msoto si kero. Mchezaji akishindwa na jitu gumu hukereka, akatukana, akarudi, na mara ya kumi ameshajua jitu linapiga upande gani. Kero ya namna hiyo inafundisha. Wala si kila kurudiarudia ni msoto. Mkulima wa Kifipa anayeinua matuta ya ntumba hupiga jembe vilevile asubuhi nzima, nyasi akizifukia ndani ya kila tuta la duara. Zinaoza humo, na msimu unaofuata tuta linatawanywa, ulezi unapandwa. Mgongo unauma, lakini udongo unamjibu.

Nilimuuliza mpwa wangu upanga ukipatikana atafanyia nini. Akasema levo inayofuata kuna nguruwe mkubwa zaidi, hafi bila upanga huo. Naye anatoa vipande vitatu.