Kuteleza kwa mkanda wa mashine ya kusaga
Hitilafu ya mashine za nafaka, zikiwamo zinazosaga mahindi, mtama na uwele Dodoma na nyanda za kati za Tanzania. Dalili zake ni mlio mkali, harufu ya mpira unaoungua na puli ya moto. Nyundo za kinu hupungua kasi ilhali injini ya dizeli au mota inazunguka kama kawaida. Mkanda wa umbo la V hushika puli kwa mbavu, si kwa tumbo. Mfereji wa puli ukilika hadi mkanda uguse chini, kukaza hakusaidii, ingawa ndiko wengi wanakoanzia. Visababishi vingine: puli zisizonyookeana, oili na nafaka mbichi iliyozidi kinuni. Mikanda pacha hubadilishwa yote pamoja, la sivyo mpya hubeba mzigo wa mkuukuu.